Matanga Niliyoyakosa kwa Ajili ya Warusi

Nianze kwa kusema wazi: mimi si mtu mwema. Sijawahi kudai kwamba ni mwema, isipokuwa Jumamosi moja ya Oktoba, saa saba mchana, mbele ya wazee watano wa Kiswidi na sahani ya maandazi yao ya mdalasini. Siku hiyo nilidai, tena kwa madaha, na wote wakaniamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kazi yangu ni ukalimani. Nakaa Hjulsta, pembezoni mwa Stockholm, mwisho wa reli ya bluu, ghorofa ya sita, peke yangu. Nilikuja nchi hii kusoma, nikaolewa, nikaachika, nikamlea mtoto mmoja ambaye sasa yuko Göteborg. Nikimwandikia ujumbe wa Kiswahili mistari kumi, ananijibu kwa Kiswidi neno moja. Simlaumu sana. Nilipokuwa nikimlea nilikuwa nachoka, na mtu akichoka anasema lugha iliyo karibu. Siku za kazi nasema tangu asubuhi hadi jioni, hospitalini, mashuleni, kwenye simu, halafu nafika nyumbani, navua viatu, na nagundua kwamba siku nzima sijasema hata sentensi moja iliyo yangu.

Ukalimani wa huku una sheria zake, na mimi nilizipenda kweli. Ya kwanza: mteja akisema "naumwa tumbo," husemi "anasema anaumwa tumbo." Unasema "naumwa tumbo," kama vile tumbo ni lako. Daktari akiomba samahani, ni wewe unayeomba samahani. Neno "mimi" ni la wenyewe. Wewe ukiwa na lako, labda hukusikia vizuri, unajiita "mkalimani": mkalimani anaomba kurudiwa, mkalimani anaomba maji. Ya pili: hutoi siri ya mtu, na ndiyo maana hapa nimebadilisha kila kinachoweza kumtambulisha yeyote. Ya tatu: huwi na uhusiano na mteja. Ukishakuwa nao, unapiga simu kwa waliokupangia kazi, unasema, unajitoa. Miaka yote hiyo mimi sikuwahi kujitoa kwa mtu hata mmoja. Jamani, nilikuwa najisifia jambo hilo.

Sasa hao Warusi. Baba yangu alikuwa karani wa reli Morogoro, na wakati ule vitabu vya Kirusi vilipatikana kwa bei ya karanga, vinene, vya jalada gumu, vimetafsiriwa kwa Kiingereza. Jioni baba alitusomea, akivigeuza kwa Kiswahili palepale, na majina akiyaruka kwa sababu yalimshinda. Akasema tu "yule bwana mkubwa," "yule binti maskini," "yule mwanafunzi mwenye homa." Kwa hiyo nilikua nikiwajua Warusi kama majirani usiowajua majina, na niliwapenda kuliko majirani wetu wenyewe, ambao majina yao nilikuwa nayajua.

Nilichokipenda ni hiki. Karibu kila kitabu kina mtu mgumu, mwenye kiburi, aliyejifungia na mawazo yake. Huyo hageuzwi na mahubiri, wala na akili zake mwenyewe; mara nyingi ni akili zake zilizomharibu. Anageuzwa na mtu mwingine. Na huyo mwingine si mtakatifu wala msomi, ni mtu wa chini kabisa, labda mwenye makosa yake, ambaye kazi yake ni moja tu: anakaa pale pale na haondoki. Unamfukuza, amekaa. Unamtukana, amekaa. Mwisho yule mgumu anapiga magoti na kulia kama mtoto, na baba anafunga kitabu, na mama anasema haya, nendeni mkalale. Mimi nilikuwa nalia na yule mgumu, siku zote.

Nilipoona tangazo la kikundi cha kusoma Warusi kwenye maktaba moja ya huku, niliruka. Kila Jumamosi ya pili, wazee watano na mimi, kitabu kimoja cha kurasa mia nane kwa msimu mzima. Kiongozi wetu alikuwa mwalimu mstaafu, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya upole, aliyekuwa anaandika kwenye daftari kila nilichosema. Sasa niambie, nani mwingine Stockholm nzima alikuwa anaandika ninachosema? Wengine wote walikuwa wanaandika nilichotafsiri.

Msimu huohuo nilikuwa namkalimania mama mmoja Mrundi. Alikulia kambini Kigoma, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa, ni pale tu alipokasirika ndipo kiligeuka kidogo. Anakaa Märsta, anafanya usafi uwanja wa ndege. Mume wake alikuwa mgonjwa, ugonjwa ule ambao madaktari wakianza kuuzungumzia wanavuta kiti karibu. Kwa miezi mitano nilikuwa napangiwa mimi, kwa sababu hakupatikana mwingine wa karibu, na kila mara alikuwa ananiletea chakula kwenye kopo: ndizi na maharage, bado vya moto. Kila mara nilikataa. Nilimwambia kwamba sheria hairuhusu. Akawa anasema "sawa, dada," na wiki inayofuata analeta tena.

Siku daktari aliposema hakuna tena cha kufanya, nilisema mimi. Nilisema, "Hatuna tena cha kumfanyia mume wako." Mama yule hakumtazama daktari. Alinitazama mimi, akanishika mkono, akaubana. Tulifundishwa kwamba hali hiyo ikitokea, mkalimani anauondoa mkono taratibu, bila kumvunjia mteja heshima. Nikauondoa taratibu.

Mume akafariki. Baada ya kikao cha mwisho cha mambo ya hospitali, kwenye korido, akanipa karatasi ya tangazo la msiba, yenye anwani ya nyumbani na ya ukumbi wa kanisa Upplands Väsby. "Tunaanua matanga Jumamosi ijayo, saa saba mchana. Dada, utakuja?"

Nikasema, "Nitaona."

Kila mtu anayesema Kiswahili anajua "nitaona" maana yake nini. Hata yeye alijua, lakini akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeahidiwa.

Saa saba ya Jumamosi hiyo ilikuwa saa ya Warusi wangu. Nilijiambia kwamba ni sheria inayonizuia, na sheria ilikuwepo kweli. Lakini mume alikuwa ameshazikwa, kazi ya hospitali ilikuwa imekwisha, na hakuna ambaye angeniuliza kitu kama ningekwenda kukaa nusu saa kwenye kiti cha plastiki. Ukweli ni kwamba msibani ningekuwa mtu mmoja kati ya mia, na maktaba nilikuwa nyota.

Na niling'ara, wallahi. Tulifika mahali ambapo yule mwenye kiburi anakaa kitandani kwa mgonjwa asiyempenda. Mwalimu mstaafu akauliza: kwa nini mtu hawezi kubadilika peke yake? Nikakohoa kidogo. Nikawaeleza kwamba kwetu Afrika Mashariki jambo hilo linajulikana bila kitabu. Kwetu mtu akifiwa haachwi peke yake. Tunakwenda wote, tunakaa chini kwenye mikeka, tunapika, tunanyamaza naye, na siku ya kuanua matanga tunaitana tena, kwa sababu huzuni ya mmoja inawarekebisha wote. Nikasema hivyo, "inawarekebisha wote," kwa Kiswidi kizuri, nimeshika kikombe cha kahawa. Mama mmoja akafuta machozi. Mwalimu akaandika. Nikatazama saa ya ukutani, ilikuwa saa saba na dakika arobaini, na sikuhisi kitu chochote zaidi ya raha.

Wiki mbili baadaye nilikuwa kwenye treni ya kwenda Märsta, nina kazi shuleni kule. Kitabu kilikuwa mapajani. Akaingia yule mama Mrundi, na sare yake ya kazi, akaniona, uso ukamchangamka. Akaja kukaa mbele yangu. Tukasalimiana. Nikampa pole ya mdomoni, ile ya harakaharaka.

"Jumamosi ile ulikuwa kazini, sivyo, dada?" aliuliza. Aliuliza kwa namna ya kunisaidia. Nilichotakiwa kufanya ni kusema ndiyo tu.

Sijui nilipatwa na nini. Nadhani sikupenda kusaidiwa. Nikasema, "Hapana. Nilikuwa maktaba. Tuna kikundi, tunasoma kitabu."

Akakitazama kitabu mapajani mwangu. "Kinahusu nini?"

"Kinahusu mtu mmoja anayejifunza kuwahurumia wenzake."

"Na amejifunza?"

"Bado," nikasema. "Tuko ukurasa wa mia nne."

Hakucheka. Akageuza uso dirishani mpaka Märsta, na tuliposhuka hakuaga.

Ikapita kama mwezi. Asubuhi moja nilipangiwa kazi ya simu na ofisi moja ya serikali, mambo ya mjane na malipo yake. Afisa akajitambulisha, kijana mwenye heshima. Mimi nikasema maneno ya kawaida, kwamba mkalimani ni wa Kiswahili, mkalimani anatunza siri. Upande wa pili sauti ninayoijua ikasema, "Ni wewe."

Kila kinachosemwa kinatafsiriwa. "Ni wewe," nikamwambia afisa kwa Kiswidi.

"Mimi?" afisa akashangaa.

"Mimi?" nikatafsiri.

"Si yeye, wewe! Mwambie nataka mkalimani mwingine."

"Si yeye, wewe. Nataka mkalimani mwingine," nikasema, na sauti yangu haikutetereka. Yule kijana maskini alikuwa amepotea kabisa. Akauliza kwa upole kuna tatizo gani.

Hapo sheria yenyewe ilinifungulia mlango. Ningeweza kusema: mkalimani ana uhusiano na mteja, mkalimani anajitoa. Ningekata simu, ningekunywa chai, basi. Sikusema. Nililitafsiri swali kama nilivyolipokea, nikamngoja. Na yeye akajibu sentensi moja moja, akinipa nafasi baada ya kila moja, kama nilivyomzoesha hospitalini.

"Mume wangu alipokuwa anakufa, huyu ndiye aliyeniambia."

Nikatafsiri.

"Siku ya kuanua matanga tuliwaita waliotusaidia, wasimame tuwashukuru. Yeye aliitwa mara tatu."

Nikatafsiri.

"Mara ya tatu watu walianza kutazamana. Nikasimama mimi. Nikasema yuko kazini. Nilisema uongo mbele ya picha ya mume wangu ili kumfichia mtu aibu. Na yeye alikuwa anasoma kitabu."

Nikayasema yote hayo, kwa nafsi ya kwanza, kama inavyotakiwa. Nilisema kwa Kiswidi: mume wangu. Nilisema: nilidanganya mbele ya picha yake. Nilisema: na yeye alikuwa anasoma kitabu. Neno hilo la mwisho nililazimika kulirudia mara mbili. Nimezitumikia sauti za watu maisha yangu yote na sijawahi kumsikia mtu akinisema mimi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Afisa akauliza, "Mkalimani, uko sawa?"

"Mkalimani yuko sawa," nikasema.

Akasema atapanga siku nyingine, na mtu mwingine. Simu ikakatwa. Nikabaki nimekaa jikoni na vile vya kusikilizia masikioni.

Siku tatu zilizofuata sikupokea kazi. Nilikifungua kitabu, nikakifunga. Nilikuwa nimefika kurasa za mwisho, pale ambapo mtu wetu anakwenda kuomba msamaha, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni sikuweza kulia naye. Nilimkasirikia. Nilimwambia kwa sauti, peke yangu kama mwendawazimu: wewe una bahati, wewe yupo mtu aliyekaa pale pale hakuondoka! Nikajisikia nilivyosema. Ebo! Na kwangu si alikuwepo? Miezi mitano aliniletea ndizi na maharage nikikataa, na akarudi nazo. Aliitika jina langu nilipokuwa sipo. Alikaa mbele yangu kwenye treni akanitafutia uongo wa kunisitiri. Mimi ndiye niliyekuwa yule mgumu, wala sikujitambua, kwa kuwa nilijiona upande wa wasomaji.

Niliona aibu mpaka mwili ukapata moto. Na chini ya aibu kulikuwa na jambo jingine, baya zaidi: nilimkumbuka. Nilikuwa na hamu naye, mtu ambaye sikuwahi kula chakula chake.

Siku ya nne asubuhi simu ikalia, ujumbe wa kazi: Jumanne, saa tatu, ofisi ileile, mteja yuleyule. Mwingine hakupatikana. Nilitakiwa kukubali au kukataa ifikapo jioni. Nikaitafuta ile karatasi ya tangazo mkobani, nikanunua sukari na majani ya chai, kwa sababu huendi kutoa pole mikono mitupu, hata ukiwa umechelewa miezi miwili. Nikapanda treni.

Alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa bado na kitambaa kichwani, zamu yake ilikuwa ya jioni. Hakusema karibu.

"Umekuja kufanya nini?"

Njiani nilikuwa nimetunga hotuba. Nzuri, ndefu, yenye machozi mahali pake. Iliyeyuka yote. "Nimekuja kukupa pole," nikasema.

"Leo?"

"Leo. Nimechelewa. Nisamehe."

"Ni ile sheria yako?"

"Hapana, mama. Nilijificha nyuma ya sheria tu. Nilikuogopa wewe. Nilijua nikija mara moja, itabidi nije tena, na mimi nimezoea kuwa sina mtu. Nimeshazoea vibaya." Hapo nikaanza kulia, si kwa uzuri kama kwenye vitabu, kamasi na kila kitu, mfuko wa sukari mkononi.

Hakunikumbatia. Akaacha mlango wazi akaenda jikoni, na mimi nikaingia, nikavua viatu, nikakaa kwenye ncha ya kochi. Ukutani mume wake alikuwa ananitazama kutoka kwenye fremu. Nikamsalimu kimoyomoyo, nikamwomba radhi na yeye.

"Jumanne nina ile ofisi," akasema kutoka jikoni. "Watampanga nani?"

"Wamenipanga mimi tena."

Vijiko vikanyamaza. Akaja mpaka mlangoni, akaegemea. "Mimi sitaki. Sitaki unisemee maneno yangu yote, halafu utoke kama hunijui. Kama wewe ni mkalimani, kunywa chai uende, tutakutana Jumanne. Kama umekuja msibani, basi hiyo kazi iache. Vyote viwili hapana."

Akarudi kwenye jiko lake akanipa mgongo, na nikaelewa kwamba chai hiyo inaweza kuwa ya mwisho.

Nikapiga simu kwa waliokuwa wananipangia kazi. Nikaiweka sauti ya nje ili asikie mwenyewe, asije akadhani namdanganya. Akapokea mama mmoja mwenye haraka. Nikasema: kazi ya Jumanne saa tatu naomba kujitoa, na nyingine zozote za mteja huyo. Nina uhusiano naye. Nilisema "nina," sikusema mkalimani ana.

"Uhusiano wa aina gani?" yule mama akauliza, huku nikisikia anaandika. "Lazima nijaze hapa. Ni ndugu yako?"

Ningesema nini? Rafiki? Kwa kipi nilichomfanyia? Mtu niliyemkosea? Hakuna kisanduku cha hivyo kwenye fomu zao. Yule mama akauliza tena, halo, upo?

Mwenyeji wangu akaja na sufuria ya chai mkononi, akainama juu ya simu yangu, akajibu kwa Kiswidi chake mwenyewe, kile cha kuokoteza kazini, kwa sauti kubwa kama mtu anayeitikia ukumbini.

"Ndiyo," akasema. "Ni dada yangu. Alichelewa tu."